Umeme Uliokatika Chumba Kimoja

Habari ya msiba ilinikuta nimesimama, maana wiki hiyo sikuweza kukaa. Nilikuwa nimekusudia kuwaandikia ninyi wasomaji wangu juu ya barabara yetu na vumbi lake, lakini kila nikivuta kiti sentensi ya kwanza ilininyanyua. Nikatoka uani, nikarudi, nikatoka tena. Simu ikaita. Alikuwa mwenzetu mmoja wa klabu. "Profesa, mzee ametuacha. Presha. Imemkuta dukani kwake." Mimi si profesa, nina shahada moja na safu hii, lakini hapa Ifakara mtu akionekana anafikiri kabla ya kujibu huitwa hivyo, na si kwa kumsifu. Nikauliza swali la kijinga ambalo wengi tungeuliza: "Mzee yupi?" Nilijua vizuri. Klabu yetu ina watu wazima wengi, lakini tukisema mzee tulikuwa na maana ya mtu mmoja tu.

Marehemu alikuwa na duka la pembejeo na dawa za mifugo pale Mlabani. Aliwauzia wakulima mbegu na mbolea, akawauzia wafugaji dawa za kupe, na wote aliwasikiliza akiwa amesimama, kwa sababu naye hakuwa mtu wa kukaa. Miaka kadhaa nyuma, mtafiti mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao na kuuza vyombo vya nyumbani. Marehemu alikwenda kununua friji la kuhifadhia chanjo za kuku. Akarudi na maboksi. Mkewe alipomuuliza friji liko wapi, alijibu, "Lilikuwa limeshachukuliwa, nikaona nisirudi mikono mitupu." Ndani ya maboksi mlikuwa na vipande vya barabara ya plastiki na magari madogo ya umeme, kila moja urefu wa kidole. Friji alilinunua baadaye, kwa shinikizo la mkewe, na likawekwa dukani. Magari yalihamia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mpunga, juu ya meza ndefu ya mbao za mtiki. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyopata klabu ambayo sijui kama ina mwenzake katika bonde zima.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: gari lina kijiti chini ya tumbo kinachoingia kwenye mfereji mwembamba, na umeme unapita kandokando ya mfereji huo. Mkononi unashika kidude tulichokiita bastola. Ukikibonyeza kidogo, gari linakwenda. Ukikibonyeza sana, linafika kwenye kona, linaruka, na kuishia sakafuni. Usukani hakuna. Ujuzi wote uko katika kujua wakati wa kuachia kidole, na mimi nimemaliza chuo kikuu bila kuujua wakati huo. Kabla ya kuanza tulisugua mifereji kwa mswaki, kwa kuwa mashine ya kukoboa iko jirani na pumba haina adabu. Marehemu akishindwa, na alishindwa mara nyingi na kigari chake cha bluu, alidai kwamba mfereji wake haukusuguliwa. Hakuwahi kushindwa na mtu. Alishindwa na pumba.

Desturi yetu ilikuwa moja, na aliilinda kama imani. Aliyetoka kukimbiza hapumziki. Anakwenda kusimama kwenye kona kuwaokotea wenzake. Gari likianguka mbele yako unaliokota, unalirudisha kwenye mfereji wake, bila maneno. Hata kama ni la mtu usiyempenda. Kosa kubwa lilikuwa kulirudisha kwenye mfereji wa mtu mwingine, maana hapo mwenye gari atabonyeza mpaka achoke na gari lake litaendeshwa na jirani.

Sasa niwaeleze jioni moja. Kulikuwa na mkulima wa Mchombe na mfugaji wa Kisukuma, wote wawili wanachama, wote wawili wateja wa marehemu. Ng'ombe wa mfugaji walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mkulima na kuumaliza upande mmoja. Kesho yake walitakiwa kwa mtendaji wa kijiji, na vijana wa pande zote mbili walishatangaza kwamba watawasindikiza wazee wao, na si kwa mikono mitupu. Katika bonde letu sentensi hiyo haihitaji ufafanuzi. Wote wawili walikuja klabu jioni ile, nadhani kila mmoja kwa kuogopa kuonekana amemkimbia mwenzake. Walimwamkia marehemu, wao hawakusalimiana. Mfugaji aliegemeza fimbo yake mlangoni kama ilivyotakiwa, akashika bastola; mimi nilishika ya mfereji wa jirani. Mkulima alikuwa ametoka kukimbiza, kwa hiyo ilikuwa zamu yake kuokota, na marehemu, sijui kwa hesabu gani, alimpanga kwenye kona ile ile ambayo gari la mfugaji lilikuwa na mazoea ya kuanguka.

Likaanguka. Mkulima aliliokota, akalitazama, akalirudisha kwenye mfereji wangu. Mfugaji akabonyeza, gari halikujongea. Nikabonyeza mimi, magari mawili yakaondoka pamoja, lake mbele na langu nyuma. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha.

"Gari langu linaswagwa na nani?" mfugaji akauliza.

"Limeingia lenyewe," mkulima akajibu. "Si ndivyo mnavyotuambiaga? Wameingia wenyewe."

"Rudia hilo neno, kaka."

"Nirudie mara ngapi? Mpunga wangu haurudi."

Mfugaji aliweka bastola mezani taratibu, akageuza shingo kutazama mlangoni ilikoegemea fimbo yake. Hapo giza likaingia. Taa ilizimika, magari yakasimama, ukabaki mwanga kidogo wa magharibi kwenye nondo za dirisha.

"Aa, hawa watu wa umeme!" marehemu akalalamika kutoka upande wa ukutani. "Kila tukifika pazuri. Kaeni, jamani, utarudi. Msitoke, mtaangusha meza yangu."

Tukakaa. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa dukani, na kupitia mlango huo nilisikia friji la chanjo likinguruma kwa utulivu kabisa. Umeme ulikuwa umekatika chumba kimoja, na haikuwa mara ya kwanza.

Tulikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukaisha. Kisha marehemu akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mwanangu, mpunga wako ulikuwa umefika wapi?"

"Ulishatoa masuke, mzee. Ulikuwa mzuri kuliko wa mwaka jana." Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Mimi nilikuwa Chita, msibani," mfugaji akasema. "Niliyemwachia ng'ombe alilala."

"Na mimi nilipokuwa napalilia nililala?" mkulima akauliza.

"Hapana. Wewe hukulala. Msimu ujao maksai wangu watalima kwako mpaka umalize."

"Na wakila?"

"Utawafunga midomo mwenyewe. Kamba nitaleta mimi."

Mtu mmoja alicheka gizani. Nina hakika alikuwa mkulima, ingawa mpaka leo anakana. Mara umeme "ukarudi", na marehemu alikuwa amesimama mgongo ukiwa ukutani, mikono nyuma, anashangaa taa kama sisi wote. Mkulima aliliokota gari la mfugaji, akalifuta matairi kwa pindo la shati, akalirudisha kwenye mfereji wake. Mfugaji akabonyeza. Kona iliyofuata likaanguka tena. Likaokotwa tena, bila maneno. Kesho yake walifika kwa mtendaji pamoja, na vijana wakakosa cha kusindikiza. Msidhani waligeuka marafiki. Walisalimiana, basi, na msimu ulipofika maksai walikuja.

Nimekuwa nikiizungukazunguka jioni ile tangu nilipopigiwa simu. Zamani, kabla ya daraja, tulivuka mto Kilombero kwa kivuko, na aliyekuwa na haraka alikaa ukingoni pamoja na asiyekuwa nayo. Hata wenye ugomvi walisubiri pamoja, wakagawana hindi la kuchoma kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Sitaki kivuko kirudi. Nilikilaani kama kila mtu. Lakini tumejenga daraja na hatukujiuliza kule kusubiri tumekuweka wapi. Leo mkulima na mfugaji wanapita kwa kasi, kila mmoja na mfereji wake, na wakigongana hapana giza la kuwakalisha. Wapo waliosema marehemu alikuwa analinda wateja tu. Inawezekana. Ningependa wenye biashara wote wa bonde hili walinde wateja wao hivyo.

Baada ya matanga, mjane alituruhusu jioni moja ya mwisho. Mavuno yamekaribia, akasema, chumba kinahitajika kwa mpunga, meza tuiondoe. Tulisugua mifereji kwa mswaki. Kigari cha bluu tulikiweka katikati ya meza, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu, kwa kuwa mkulima na mfugaji wote walikitaka kiwe kumbukumbu kwao.

"Mimi ndiye niliyemwokotea zaidi," mkulima akasema.

"Kwa sababu ulikuwa mvivu wa kukimbiza. Mimi aliniita mdogo wake."

"Mdogo wake! Kila aliyenunua dawa ya kupe alikuwa mdogo wake!"

Sauti zikapanda, na zikaanza kufufua mambo ya zamani ya masuke na ng'ombe. Wote tuligeuka kutazama swichi ya ukutani, ile iliyowasha taa na meza kwa pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo, na badala ya kunyoosha mkono nilikuwa naandaa kichwani hotuba fupi juu ya maridhiano, yenye utangulizi.

Giza likaingia.

"Umeme umekatika," alisema mjane kutoka mlangoni, mkono wake ukishuka kutoka ukutani. Nyuma yake friji liliendelea kunguruma. "Kaeni. Na hicho kigari hakitoki humu, wala meza. Mpunga nitautafutia pengine."

Wanaume wawili wakakaa. Nami nikakaa, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Hakuna aliyetaja friji, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo sikuwa nikilisikia peke yangu. Tulikuwa tukilisikia wote. Nilichojifunza kwa marehemu ni hicho tu: penye watu wanaokimbizana, pawepo mtu aliye karibu na swichi na asiyesubiri hotuba, na sisi wengine tuwe na adabu ya kutolisikia friji.