Muntu Mwenye Alikunywa Mayi ya Radiatere

Hapana, yaya, usinirudilie tena mambo ya waya. Waya ilikuwa mu mukono yangu. Unasikia? Mu mukono! Niliikamata na vidole, na shindano ikapanda. Sasa waya yenye muntu amekamata hewani, inaweza kugusa chuma gani?

Yaya yangu Ilunga, mukubwa wangu wa kuzaliwa, njo ananisumbua hivi. Eti nilisinzia mu jua. Eti mizimu inatembeaka usiku, haitembeake saa ya kula bukari. Basi weye unasoma, amini tu: ilikuwa muchana, jua kali, nilikuwa na njaa, na muntu mwenye njaa halalake. Ni kitu ya kweli. Ningependa iwe bongo, maneno ya uongo, juu kesho Papa anaenda Kaniama na ile kamyo.

Ngoja nieleze yote, juu kwetu bantu banakukata maneno mbele umalize.

Papa alikuwaka muntu ya reli. Treni zilipoanza kupotea, akanunua kamyo moja ya zamani, na ile kamyo njo inatukulisha sisi bote hapa Kamina. Siku moja saa yake ya moto ikakufa. Ile saa ndogo mbele ya shofere, yenye shindano nyembamba sawa ya kushona nguo, inamuonesha kama motere iko baridi ao inataka kuungua. Papa akaendesha bila saa, motere ikapika kabisa. Ile wakati tulikula mihogo mpaka nikaichukia. Njo maana, motere ilipotengenezwa, alitafuta saa ingine, akaipata ku muuzishaji mumoja wa bipande bya zamani bya kamyo, kando ya gare ya treni. Kioo safi, shindano safi. Mekano yetu, papa Banza, akaitia.

Na matata ikaanza. Asubuhi, motere baridi sawa jiwe ya mutoni, shindano inakimbilia mu nyekundu. Banza akatosha sonde, kale kachuma kenye kanalalaka mu mayi ya motere na kutuma habari ku saa. Akaitumbukiza mu sufuria ya Mama yenye mayi ya moto: shindano ikapanda muzuri. Mu mayi baridi: ikashuka muzuri.

"Sonde iko muzima, saa iko muzima," Banza akasema. "Waya njo inadanganya: imechunika, ikigusa chuma, shindano inapanda."

"Na sufuria yangu njo itanuka mafuta," Mama akasema.

Basi Banza akachomoa waya ku saa, akanipatia mwisho yake. "Ikala mu kabine, ukamate hii, isiguse kitu. Naenda kutafuta waya mupya. Shindano ikitikisika, unipigie kelele." Papa alikuwa mu nyumba anakula. Ufunguo ya kamyo ilikuwa mu mufuko yangu, juu batoto ba majirani banapenda kuichezea. Sasa ujiulize weye mwenyewe: waya imetoka, ufunguo imetoka. Ile saa ilikuwa inakula umeme ya wapi?

Mulango ya upande ingine sikuisikia. Na ile mulango inaliaka sawa mbuzi ya kuchinjwa! Niligeuza tu kichwa, muntu alikuwa amekwisha kuikala. Mwanaume mukubwa kidogo, wa miaka ya Papa. Shemizi yake, shati ya kazi, ililowana yote kwa mbele. Ngozi ya shingo yake ilijikunja sawa ile ngozi inaikalaka juu ya maziwa yenye kuchemka. Nilifikiri eko rafiki ya Banza. Sikumusalimia muzuri, nilikuwa nimechoka.

"Mama," akaniambia pole pole, sawa muntu anaitaka binti yake, "shindano iko wapi?"

"Iko chini, papa. Kamyo haiwake. Banza anarudia sasa hivi."

"Angalia muzuri."

Nikaangalia. Ilikuwa inapanda. Haikuruka, hapana, ilipanda na uzito, sawa muntu mwenye kubeba gunia ku ngazi. Ikapita katikati, ikaingia mu nyekundu, ikasimama pale inatetemeka. Nikaangalia waya: iko mu mukono yangu. Nikashika mufuko: ufunguo iko. Nilitaka kupiga kelele sawa Banza alisema. Yeye akanitangulia.

"Unipe mayi," ule muntu akasema.

Mu kabine kulikuwa paka bido tu ya radiatere, ile jerikani ya kuongezea motere mayi. Mayi ya kutu, imelala mule tangu zamani. Nikamuambia haiko ya kunywa.

"Hata ile, mama. Unipe tu."

Ungefanya nini? Kwetu hakuna muntu anaombaka mayi na unamunyima, hata adui yako, hata mwizi. Nikamupatia. Ile bido, mi naibebaka na mikono yote mbili na mugongo inaniuma. Yeye aliinyanyua sawa kopo. Akakunywa. Hakupumua. Niliona koo yake inaenda na kurudia, mayi nyekundu inatirika ku kidevu, na kila kukunywa, shindano inashuka kidogo. Alipotua bido, hakukubakia hata tone. Shindano ilikuwa imelala chini, kimya.

"Aksanti," akasema. "Kiu inanishikaka zaidi mu njia ya Kaniama. Kule mutanipa tena?"

Nani alimuambia tunaenda Kaniama? Niligeuka kidogo tu kuita Papa. Kurudisha macho, kiti ilikuwa wazi. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto sawa sufuria yenye umetosha sasa hivi ku makala yenye kuwaka.

Banza akarudia na waya yake, akanyanyua bido. "Eh! Mayi iko wapi? Uliikunywa yote? Weko kiboko ya mu ziwa Kisale?" Akacheka sana. Akatia waya mupya, shindano ikatulia, akasema: munaona, mi nilisema ni waya. Papa akamulipa, bakapeana mukono. Mi nilipoanza kueleza habari ya ule muntu na shindano, Papa akanikata: "Nilibatizwa, siogope shindano."

Basi nikaenda mi mwenyewe ku gare kwa ule muuzishaji. Nikamuuliza ile saa ilitoka mu kamyo gani.

"Mi nauzisha bipande," akasema, "siuzishe habari."

Nikamuambia habari ya shemizi ya kulowana. Akaendelea kupanga bipande byake. Nikamuambia habari ya shingo. Pale akaacha kupanga. Akaniangalia, akasema na sauti ya chini: shofere ya ile kamyo, mu njia ya Kaniama, aliona shindano mu nyekundu. Alisimamisha, alikuwa na haraka, akafungua bushon ya radiatere, ile kifuniko, motere ikiwa inachemka. Mayi ya moto ikamurukia shingo na kifua. Alilala kando ya barabara anaomba mayi ya kunywa, na bido yake ilikuwa haina kitu. Bantu balipofika kumusaidia, alikuwa amekwisha kufa.

Yaya anacheka tu. Lakini tangu siku ile, kila Papa akitoka na kamyo, bido inarudia wazi, hakuna tone ndani, na radiatere imejaa. Papa anasema inatoboka. Alinunua ingine, ile pia inarudia wazi. Na mi, siwezi tena kukunywa mayi mbele ya muntu bila kumupa yeye kwanza. Mama anasema nimekuwa na adabu. Haiko adabu.

Weye unasoma, ukienda kununua kipande ya kamyo ya zamani, usiulize paka bei tu. Uliza shofere yake iko wapi. Na bakikupa majibu mafupi ya kukukatiza, rudisha kipande.

Nilimuomba Papa atoshe ile saa. Alikatala. Bila saa, motere itapika tena, na mahindi yenye anaenda kupakia Kaniama haitangoja. Eko na haki, njo hii inaniumiza. Namujua Papa: shindano ikipanda, atasimamisha kamyo, atatia kitambaa ku mukono, atafungua bushon mbio mbio, sawa anafanyaka siku zote. Na ule muntu, akikosa mayi, shindano itapanda.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mbele Papa awashe motere, nitakuwa nimekwisha kupanda mu kabine. Nitajaza mabido yote ya nyumba ku robine ya mayi. Moja ya radiatere. Zingine nitazipanga ku miguu ya kile kiti ya ku mulango, kwenye ule muntu aliikala, na mi nitaikala katikati. Papa atasema namufinya. Aseme. Na kitambaa yake ya kufungulia bushon, ile nitaikalia mpaka Kaniama.