Vidonge vya Modesti

Wagonjwa wa Kaliua humwita nesi Esperansi mkali, na hawamsingizii. Mtu akija hata na kikohozi tu, kwanza ataulizwa anameza nini mgongo ukimuuma. Akitaja diklofenaki, sura ya nesi inabadilika palepale na somo linaanza. Sababu yake hajamwambia mtu.

Alizaliwa Ulyankulu, kifungua mimba wa Modesti na Rustika, wakulima wa tumbaku. Zao hilo humvunja mtu mgongo mara mbili, kwanza shambani kwa kuinama, halafu kwenye bani, kule majani yanakokaushwa, kwa kuyapandisha juu. Modesti alikuwa na mgongo wa namna hiyo, na presha juu yake. Siku Esperansi alipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi mjini Tabora, alitangazwa kanisani, na kuanzia Jumapili ile kijiji kizima kikamwita daktari. Sindano alikuwa hajaishika hata moja.

Ndivyo tulivyo. Mtoto akivaa sare nyeupe tu, ukoo umeshapata duka la dawa. Likizo ya kwanza baba yake alimwita pembeni.

"Daktari wangu, mgongo unaniua. Huko mjini hujaona dawa?"

Angemjibu nini? Mgongo wenyewe ndio uliomsomesha! Aliporudi mjini akanunua diklofenaki, akamkabidhi kondakta wa basi la Ulyankulu. Baada ya wiki baba akapiga simu, anacheka: sasa analima kama kijana. Mwezi uliofuata Esperansi akatuma tena, na uliofuata tena, kwa miaka miwili. Alivimba kichwa, tusimfiche. Wenzake walikuwa wakiomba vitu nyumbani, yeye alikuwa anapeleka.

Mwaka wa tatu darasa likafika kwenye figo. Mwalimu wao, Mama Apolinaria, alichora ubaoni chujio dogo na mshipa mwembamba unaoliletea damu. Akaeleza kwamba damu ikipungua, labda kwa jua kali na kukosa maji ya kunywa, mwili hutengeneza kemikali ya kuupanua mshipa huo ili chujio lisikose damu.

"Sasa mpeni mtu huyo diklofenaki," akasema. "Inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za jamii hiyohiyo. Mshipa unabana, chujio linakosa damu. Kwa siku moja anaweza kupona salama. Lakini mpeni kila siku, ana presha, anashinda juani analima. Mtapata nini?"

"Makovu!" darasa likajibu kwa pamoja.

"Na kovu?"

"Halirudi kuwa figo!"

Esperansi naye aliitikia na wenzake. Kisha akaomba ruhusa ya kutoka, akaenda kukata tiketi ya basi la Ulyankulu.

Jumamosi alikuwa kwao. Modesti alikuwa ameketi nje, uso umejaa, viatu amevivua kwa kuwa havimwingii tena. Esperansi alimwamkia, akapiga magoti, akambonyeza juu ya kifundo cha mguu. Kidole kiliacha shimo. Akamuuliza kuhusu mkojo, akaambiwa ni kidogo na una povu. Rustika alidhani mumewe amenenepa kwa sababu maumivu yamekwisha.

Walimpeleka hospitali mjini siku ileile. Vipimo vilisema kile ambacho kidole kilikuwa kimeshasema. Madaktari walizungumza habari za rufaa, akasafishwe damu kwa mashine, lakini mapafu yalikuwa yameshaanza kujaa maji na safari ilikuwa ndefu.

Esperansi angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini siku ya pili, mama yake alipotoka kutafuta uji, alishindwa kuvumilia.

"Baba, kilichokuumiza ni vile vidonge. Ni mimi niliyeziua figo zako."

Modesti alimtazama kama mtu aliyesikia mzaha.

"Acha maneno hayo, mwanangu. Hata yule Damas wa zahanati alinijia na habari hizo mwaka jana. Alinipima, akaniambia figo zimeanza kulegea, niviache mara moja, nitapona."

"Akakuambia? Na wewe ukafanyaje?"

"Nilimweka sawa! Nikamwambia, bwana, dawa hizi ananiletea binti yangu, yuko chuoni, anasoma vitabu ambavyo wewe huvijui." Alivuta pumzi kwa taabu, akatabasamu. "Nilimkomesha kabisa."

Modesti alifariki siku ya tisa. Siku zote hizo aliwaonyesha wagonjwa wa vitanda vya jirani binti yake, akiwaambia kwamba wengine wanauguzwa na wageni, yeye anauguzwa na mtoto wake mwenyewe.