Picha ya Kichwa cha Bonaventura

Mume wangu Bonaventura aliendesha lori la mahindi ya wakimbizi, Lusahunga hadi kambini, miaka kumi. Mtu wa shingo nene, mcheshi, na kwa usingizi hana mpinzani. Alisinzia misani, alisinzia akimenya ndizi, kisu mkononi. Mwaka 2005 akasinzia kwenye usukani, lori likaingia migomba ya watu pale Murukulazo. Hakufa mtu. Alikufa mbuzi.

Hapo kila mmoja akawa daktari. Kwetu, mtu anayepita pori la Biharamulo lenye mbung'o akianza kusinzia mchana, ugonjwa wake una jina kabla hajapimwa: malale. Damu ikapimwa mara mbili, mdudu hakuna. Bosi wake akasema, "Leta karatasi ya hospitali ya Mwanza kwamba kichwa ni kizima. Bila hiyo, ufunguo huuoni."

Ndani ya basi akanionya. "Mama Wiston, wakiuliza habari za usingizi, wewe kimya. Mambo ya kitanda hayatoki chumbani."

Nilijua anachoogopa. Hukoroma mpaka bati linaitika, kisha kimya ghafla. Hapumui. Nampiga kiwiko, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa mtoni. Nilipomwambia mama mkwe, alinijibu kwamba mwanaume asiyekoroma ana njaa. Nikanyamaza miaka yote. Ujinga wangu huo.

Mwanza wakamlaza chali kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Mimi nilisimama nyuma ya kioo na daktari Secilia. Haikupita muda, mkoromo ukajaa kwenye spika. Kisha ukakatika.

"Vizuri, ametulia," daktari akasema.

"Hajatulia, hapumui!"

"Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Nizike?" Nikapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Bonaventura akaruka, picha ikaharibika.

Wakamtoa. Daktari akaniuliza, "Nyumbani huwa hivi?"

"Huyu ana maneno mengi," Bonaventura akadakia. "Ni uchovu wa basi tu."

Akanikazia macho. Akilini nikaliona lori lake likiteremka mlima siku ya gulio, yeye kidevu kifuani.

"Kila usiku, daktari. Tena mara nyingi."

Picha ikarudiwa. Nikaambiwa nimsemeshe asilale, basi nikamgombeza kwa spika habari ya mbuzi mpaka mashine ikanyamaza.

Ubongoni kulikuwa na makovu mawili madogo. Daktari alisema hawezi kuapa yametokana na nini, lakini koo linajiziba usingizini na kichwa kinakosa hewa. Akaandika: asiendeshe gari hadi atibiwe.

Ndani ya basi alinipa mgongo hadi Lusahunga. Tuliposhuka, akaenda mwenyewe kwa bosi, mimi nyuma yake.

Bosi akasoma, akauliza, "Nani kasema unaacha kupumua?"

"Mke wangu."

"Na wewe unasemaje?"

Bonaventura akaninyooshea kidole. "Muulize yeye. Mimi nilikuwa nimelala."