Daftari la Kuku wa Nyakarenzo

Maman mmoja, mama mchuuzi aliyekuwa akinunua mayai yangu na kuyavusha mpaka kwenda Bukavu, alikuja asubuhi moja mikono mitupu. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Sitachukua tena," alisema. "Batoto ba jirani yangu baliharisha siku nne. Balikula mayayi yako."

Nilimwambia haiwezekani. Hakuna aliyekuwa na mayai safi kama yangu Nyakarenzo yote. Kila siku niliyaosha moja moja kwa maji baridi ya kijito, mpaka yakang'aa.

"Najua, Maman," akanijibu. "Lakini batoto baliharisha."

Ilikuwa miaka ya vita vya ng'ambo, upande wa Bukavu. Mimi nilizaliwa Bukavu, ukimbizini, na baada ya mauaji ya kimbari ya huku tulirudi, mimi na mama yangu, kwenye nchi niliyoijua kwa masimulizi yake tu. Nilijenga banda la matofali ya udongo, nikaanza na kuku wachache wa mayai. Niliwalisha mahindi yaliyosagwa na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Mpaka ukifunguliwa, mayai yalivuka daraja la Rusizi ya Kwanza juu ya vichwa vya wanawake. Ukifungwa, tulikula wenyewe, na hata siku moja hatukuumwa, kwa sababu mama yangu alikuwa akichemsha yai mpaka liwe gumu kama jiwe.

Wiki ileile nikasikia kuna dokteri wa mifugo, mwanamke, anayezunguka kwenye mabanda ya vijiji vya sekta yetu akichunguza mayai. Nilimfuata, nikamweleza yote. Nilitegemea atatoa dawa. Yeye aliomba kiti.

Alikaa bandani siku tatu. Kwanza alimfunga kila kuku pete ya rangi mguuni, kisha akaketi pembeni, daftari mapajani, akiangalia. Hakugusa kitu. Majirani walipita wakichungulia, wakaulizana ni mwanamke gani aliyesoma miaka yote hiyo aje kukaa na kuku.

Mama yangu hakupenda. Si kiti wala kimya chake. Ni ile kalamu. Zamani sana, kabla hawajakimbia, mtu alipita kwenye kilima walikoishi akiandika majina, na baadaye baba yangu mkubwa akachukuliwa. Tangu hapo mama hakuamini mtu anayekaa kwa watu akiandika. Siku ya pili aliingia bandani, akasimama mbele ya yule dokteri.

"Unaandika nani?"

"Naandika kuku, Mama."

"Kuku haandikwi."

Dokteri hakubisha. Alinipa daftari mimi. "Msomee."

Nikasoma kwa sauti. Pete nyekundu, asubuhi, amekwenda kwenye kiota, amefukuzwa na pete nyeupe. Pete nyekundu amerudi, amefukuzwa. Pete nyekundu ametaga sakafuni, kwenye mavi, karibu na mlango. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na uliofuata, na uliofuata.

Mama alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Nilipomaliza akauliza taratibu, "Yule aliyefukuzwa, kila mara umemwandika?"

"Kila mara, Mama," dokteri akajibu.

Mama akatoka. Nilidhani amekasirika. Alirudi na kigoda chake, akakiweka kando ya dokteri, akakaa naye mpaka mchana.

Ndivyo nilivyojua jambo lililokuwa mbele ya macho yangu miaka miwili. Viota vilikuwa vichache, na vilikuwa wazi, vinamulikwa na mwanga wa mlangoni. Kuku wenye nguvu walivishika. Wanyonge walisubiri, wakahangaika, mwishowe wakataga chini. Mayai yao ndiyo yaliyochafuka, na mayai machafu ndiyo niliyokuwa nikiyaosha kwa bidii zaidi.

"Basi kosa ni uchafu," nikasema. "Na mimi nautoa."

"Lete maji ya moto," dokteri akajibu. "Yasichemke."

Nilileta kwenye bakuli. Alichukua yai, akalizamisha polepole. "Angalia upande mnene."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha sindano kilitokea juu ya ganda, kikaachia, kikapanda. Kikafuata kingine. Baada ya kitambo ganda zima lilikuwa linatoa vishanga vya hewa, mfululizo, kutoka mahali ambapo jicho langu liliona ukuta mtupu. Nilikuwa nimeshika mayai maisha yangu yote.

"Linapumua," mama akasema.

"Lina vitundu vingi sana," dokteri akasema. "Hewa ikitoka, kuna kitu kinaweza kuingia. Yai likiwa bado na joto la kuku, ukalitia kwenye maji baridi, ndani kunasinyaa, linavuta. Linakunywa maji yako ya kijito na kila kilichomo."

Kisha akanipeleka kwa kuku aliyekuwa anataga saa ileile. Yai lilitoka likiwa na unyevu, linang'aa. Akaliweka kiganjani mwangu, bado la moto, na mbele ya macho yangu ule mng'ao ukakauka, ukapotea. Akasema ule unyevu ni utando mwembamba, unakauka juu ya vitundu na kuvilinda. Kuku alikuwa amelifunga yai lake mwenyewe, na mimi kila siku nilikuwa nikilifungua.

Nilimwuliza anajuaje kwamba ndani ya maji kuna kitu. Alitoa visahani vyenye rojo ya kuoteshea vijidudu, kama uji uliopoa. Kimoja alikigusisha yai kavu kutoka kiotani, kingine akatia tone la maji yangu ya kuoshea. Akavifunika, akavihifadhi mahali pa joto. Baada ya siku mbili akaniita. Cha kwanza kilikuwa na vidoa viwili vitatu. Cha pili kilikuwa kimefunikwa chote, manjano na nyeupe, kimeota kama ukungu juu ya mkate. Nilikikodolea macho nikiwafikiria wale batoto.

Tuliongeza viota, tukavitundikia mapazia ya kitenge cha zamani cha mama ili ndani kuwe na giza, maana kuku hupenda kutaga mafichoni. Tuliweka vijiti vya kulalia na maranda makavu sakafuni. Niliacha kuosha. Yai lililochafuka sana sikuliuza. Ndani ya wiki chache mayai ya sakafuni yalipungua hata nikawa nasahau kuinama mlangoni kuyaokota, na kuku wa pete nyekundu akaota upya manyoya ya mgongo yaliyokuwa yamedonolewa.

Nilivuka kwenda Bukavu mwenyewe kumweleza yule maman. Alisikiliza, akachukua plato moja tu, trei ya mayai. "Tutaona," alisema. Alirudi mwezi uliofuata, akachukua tatu.

Kuku wawili hawakuacha kutaga chini, hata viota vilipokuwa vitupu. Dokteri alirudi, akakaa nao siku nzima nyingine kabla ya kuondoka kwenda wilaya nyingine. Nilichungulia daftarini kuona ameandika nini juu yao. Aliandika: sijui bado.