Sisi Siyo Kwaya: Mgeta Kwenda na Kurudi

Mama mkubwa Koleta, dada wa marehemu mama yangu, hapigi simu. Anabipu. Kwa hiyo siku simu yake ilipoita hadi nikapokea, nilijua moja kwa moja kwamba kuna msiba au kuna ugomvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yovita, wanatuondolea Misa!"

Ilibidi nimtulize kwanza ndipo aeleze. Kigango chao kiko mlimani, juu ya Mgeta. Padri huwafikia mara mojamoja, na Jumapili nyingine zote katekista Gaspari anasalisha mwenyewe. Sasa Baba Paroko, mwenye vigango vingi na pikipiki moja, amechoka kupanda mlima wote ule kuja kuwasomea Misa watu waliokaa kimya kama wako foleni ya benki. Anaimba "Bwana awe nanyi", wanaojibu ni mbuzi walioko nje. Ameamua wahamie kigango cha ng'ambo ya bonde. Ng'ambo maana yake ushuke hadi mtoni, halafu upande tena mpaka ukome.

"Kwa magoti gani, Yovita?" akauliza, na sauti yake ikabadilika. "Mimi ndiyo basi. Nitakufa bila komunyo."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa analalamika. Alikuwa ananipa taarifa.

Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana katika chuo kimoja hapa Morogoro, na ni mlezi wa wanafunzi Wakatoliki kwa sababu kila mwingine aliyeombwa alikuwa na udhuru. Jumapili pale chuoni hatuna kwaya ya kukaa pembeni. Mmoja anaanzisha, ukumbi mzima unaimba, hata mimi ambaye nikipandisha sauti watu hugeuka kuangalia. Nikawasimulia vijana habari za mama mkubwa, nikawaambia Jumapili ijayo Baba Paroko anapanda kule kwa mara ya mwisho. Twendeni tukaiamshe ibada ya watu. Walishangilia kabla sijamaliza. Mpaka leo sijui walishangilia ibada au stroberi za Mgeta.

Jumamosi asubuhi tulikutana Kihonda, kwa dereva mmoja wa Fuso anayepanda mlimani tupu na kushuka na kabichi. Tulijaa nyuma ya lori, kinanda kimefungwa kwenye blanketi langu zuri, bila kuniuliza. Mkuu wa msafara alikuwa Kulwa, kijana wa Shinyanga anayesoma kilimo, ambaye hawezi kuona ndoo akaacha kuipiga. Pembeni yake alikaa Neema, binti wa Moshi, mwembamba, mpole, na mwenye dharau kidogo kwa milima ya watu wengine.

"Mama Matroni, huu nao ni mlima?" alisema tulipoukaribia Uluguru. "Hauna hata theluji."

"Subiri jioni," nikamwambia. "Utaitafuta mwenyewe hiyo theluji ujifunike."

Tulipoipita Mzumbe lami ikatuaga. Barabara ilianza kujizungusha kwenye kona, lori likawa linaunguruma kwa uchungu, na kelele za nyuma zikapungua kona kwa kona. Chini tuliona makorongo. Huku na huku kulikuwa na matuta ya njegere, karoti na viazi yamepangwa hadi huko juu ambako nisingethubutu hata kusimama, sembuse kulima. Ukungu ukateremka, masweta yakatoka. Neema aliazima langu.

Mgeta sokoni tukashuka. Kutoka hapo ni miguu. Kulwa alijitwika kinanda, akapanda anapiga soga, na sisi wengine tukapanda tunahema. Nilipumzika mara nyingi nikisingizia mandhari.

Alasiri tulifika kwa mama mkubwa. Alitupokea kwa chai ya maziwa ya mbuzi na viazi vya kuchemsha, akawakagua vijana mmoja mmoja, akatulia kwa Neema.

"Huyu anakula kweli?"

"Nakula, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ongeza kiazi."

Baadaye tukaenda kanisani, kajengo ka matofali kenye bati jekundu. Katekista Gaspari, mzee mrefu wa koti la mvua, alikuwa amewakusanya watu, wengi wao akina mama. Kulwa akawasha kinanda, Neema akaanzisha wimbo ambao kila Mkatoliki anaujua. Vijana wakaimba. Watu wakasikiliza kwa adabu kabisa, na mwishoni wakatupigia makofi.

"Mama zangu, sasa tuimbe wote," Neema akasema.

Wakaangaliana. Mama mmoja akajibu kwa niaba ya wenzake: "Hapana, mwanangu. Sisi siyo kwaya."

Mzee Gaspari ndiye aliyetufafanulia. Zamani walikuwa na kwaya kali, yenye sare na mwalimu mkorofi, ambaye muumini akifuatisha wimbo anamkata jicho: kuimba ni kazi ya kwaya. Vijana wa kwaya wakashuka mjini kusaka maisha. Waliobaki wakaendelea kutii. Basi miaka yote hiyo hawakuwa wamepoa imani. Walikuwa wanaheshimu utaratibu! Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Tulibembeleza hadi giza likaanza kuingia. Tulichopata ni kunong'ona.

Wakati tunarudi, ngoma ilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, ila mimi akili yangu ilikuwa bado kanisani, sikuitegea sikio. Kulwa akasimama, akatoa simu akarekodi, huku vidole vinacheza kwenye paja.

"Bibi, hiyo ni ngoma ya nini?"

Mama mkubwa alikuwa anahangaika na utelezi. "Ya furaha," akajibu, akapita.

Jumapili asubuhi Baba Paroko alifika ametapakaa matope, kijana wa Mahenge, mchangamfu ila uchovu umemkaa usoni. Misa ikaanza. Sisi tuliimba, wenyeji wakatusikiliza. Mama mkubwa alikaa benchi la mbele na rozari yake, hanitazami. Nilijisemea, Yovita, umewaleta watoto wa watu kuja kumzika mama yako mkubwa akiwa hai.

Tukafika kwenye matoleo, vijana wakaanza wimbo. Neema akasimama mlangoni na mkate na divai, tayari kuingia kwa maandamano. Kulwa akakisukuma kinanda pembeni, akavuta ngoma kuukuu iliyokuwa nyuma ya altare, akapiga ile aliyorekodi jana.

Mungu wangu! Niliijua kabla hajafika mbali. Mimi mwenyewe nilitolewa kwa ngoma ile. Ni ngoma ya mwali, ya siku binti aliyefundwa ndani anatolewa nje kwa watu. Ikilia, mwanamke wa Kiluguru hakai. Anainuka kumtunza mwali. Na pale mlangoni ndiyo kasimama binti, macho chini kwa woga, anatembea polepole kama aliyeelekezwa.

Mama mmoja akajifunika mdomo kwa khanga. Mwingine mabega yakaanza kutikisika. Halafu kigelegele kikapasuka kutoka benchi la mbele, na aliyekipiga alikuwa mama mkubwa Koleta, wa magoti mabovu, amesimama.

Kanisa lote likasimama naye. Walitoka kwenye mabenchi wanacheza, wakamvisha Neema khanga juu ya khanga mpaka ikabaki pua. Maboga, njegere na kuku mmoja vikafika altareni. Na walikuwa wanaimba! Maneno ya wimbo wetu wa matoleo juu ya ngoma yao, kwa sauti zile za mlimani za kuitana shamba hadi shamba. Kulwa, maskini, alidhani ndivyo wanavyofanya kila wiki. Mzee Gaspari alishika kichwa. Baba Paroko aliinamia altare muda mrefu, na sidhani alikuwa anasali.

Baada ya Misa mama mkubwa alimfuata moja kwa moja. "Baba, je?"

"Mama, leo nimekuja kusikia kigango, nimekutana na chuo," akajibu kwa upole. "Nitarudi siku nyingine. Siku hiyo wageni wasiwepo."

Mchana tulishuka na kabichi. Vijana waliimba njia nzima, Neema haelewi kwa nini akina mama walimwambia asiogope ndoa. Nilimweleza tulipofika Mzumbe. Alijifunika uso kwa khanga zote alizopewa. Mimi sikuwa na furaha kamili. Nilikuwa nimeona kwamba tukiwapelekea nyimbo wanatupigia makofi, na wakiguswa na kilicho chao wanainuka. Lakini je, watainuka sisi tusipokuwepo?

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, simu ikaita. Ikaendelea kuita. Nikapokea.

"Kaja leo," mama mkubwa akasema. "Hakutuambia. Mpiga ngoma hakuna, kinanda hakuna. Kimya, Yovita. Nikaona hapa tunakufa. Nikapiga benchi kwa kiganja, ile ile. Wakacheka, wakainuka."

"Baba kasemaje?"

"Kasema mwali mmeshamtoa nje mbele ya macho yangu, sasa mimi ni nani nimrudishe ndani? Misa inabaki."

Nilikaa chini. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

"Na mliimba vizuri, mama?"

"Vibaya!" akasema kwa majivuno. "Vibaya mno, mwanangu. Wote."