Ukuta wa Upande wa Ziwa

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipobeba jiwe moja kutoka kwenye nyumba iliyobomoka ufukweni, kusini mwa Kalemie. Nyumba ile ilijengwa na mababu kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo. Nyanya alitukataza kuigusa: anayechukua jiwe pale, ziwa linachukua mtu wa kwao. Mimi nilitaka tu la kusagia pilipili.

Siku ya nne kaka yangu Kisimba alizama. Alikuwa akisafirisha mihogo kwa mtumbwi wa papa mukubwa, yaani kaka yake baba. Mtumbwi ulikuwa ukivuja na kila mtu alijua. Lakini kwenye kilio papa mukubwa alisimama mbele ya watu, ameshika jiwe langu.

"Huyu mutoto njo aliua ndugu yake," akasema.

Hakuna aliyeuliza habari za mtumbwi. Mama hakusema nami mpaka mvua zilipokatika.

Mwaka huu biro yetu, ofisi inayohifadhi majengo ya zamani, ilinituma kuipima nyumba ile, kuichora na kuipiga picha kabla haijaisha kabisa. Kuta tatu nilizipima. Ule wa upande wa ziwa haukuwepo, na hata chini hapakuwa na jiwe lililoanguka. Nilimuuliza Mama Feza, jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani. Alinionyesha nyumba ya papa mukubwa. Alisema mzee yule aliuhamisha ukuta wote kujengea msingi, kiangazi kile kabla Kisimba hajafa.

Nilimkuta mzee amekaa mlangoni. Hakuona haya.

"Miye niliomba bankambo ruhusa," akasema, yaani mababu waliokufa. "Weye uliiba."

Nikamuuliza juu ya mtumbwi. Akamwita mke wake aniletee kiti. Sikukaa. Niliupima msingi wake mbele ya macho yake, nikaandika mawe yako wapi na nani aliyabeba.

Nyanya simlaumu. Alitutia woga ili kazi ya wafu isiguswe, na yeye mwenyewe aliuamini woga ule. Papa mukubwa hakuuamini hata siku moja. Aliuchukua akamtwika mtoto, apate kulala usingizi. Hilo sijamsamehe, na sioni kama nitamsamehe.

Nilipofika nyumbani nilimsomea Mama ukurasa ule. Alisikiliza, mikono mapajani.

"Soma tena," akasema.