Fulana Yenye Uso Wangu

Asubuhi ile niliondoka Soweto bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nalala stoo, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, cha jamaa mmoja wa Burundi, kati ya magunia ya unga na maboksi ya sabuni. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilichoka tu kuuona mlango uleule. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikamaliza kupajua. Nikafunga begi, nikapanda teksi ya kwanza iliyosimama, daladala za huku, nikashukia Braamfontein kwa sababu abiria wengi walishukia hapo.

Nilikuwa nasubiri robot, taa ya barabarani, iwe kijani nivuke, nilipojiona.

Ng'ambo ya barabara, karibu na geti la chuo, mama mmoja alikuwa anawauzia wanafunzi chapati. Juu ya dera lake alivaa fulana nyeusi, na kwenye fulana palikuwa na uso. Kovu juu ya nyusi ya kushoto ni langu. Jino lililovunjika ni langu. Kichwani nilifungwa kitambaa ambacho sijawahi kukifunga, chini ya kidevu yamechanua mawaridi, na chini ya mawaridi kuna maandishi mazito ya kujikunjakunja, kama ya vyeti vya zamani.

Kwetu uso ukipigwa chapa kwenye fulana, mwenye uso ama anagombea ubunge ama ameshazikwa. Mimi sikuwa nimegombea kitu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kijiko alichogeuzia chapati kilimponyoka.

"Wewe nani?"

"Huyo hapo kifuani kwako."

"Usinitanie, mwanangu. Huyu marehemu."

"Nani kakwambia?"

"Mpaka niambiwe? Uso, maua, nguo nyeusi. Nimeinunua kwa fundi mmoja Mkongo, nikasema maskini, kijana mdogo. Kila nikiivaa nakusomea Fatiha."

Alinigusa mkono kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la kikaango. Kisha akakaa juu ya kreti, akalia, na chapati ikaungua. Alikuwa mtu wa Tanga, kama mimi. Siku chache nyuma aliipiga picha fulana ile, akaituma kwenye kundi la simu la wanawake wa kwao, akauliza nani anamjua kijana huyu, ndugu zake wapate habari. Mmoja alinijua.

"Jana wamekusomea hitma," akasema. "Nyumbani kwa mama yako, Ngamiani. Matanga bado yanaendelea."

Simu yangu iliibiwa njiani, kabla hata sijaingia nchi hii, na namba za nyumbani zikaenda nayo. Kichwani mwangu mama alikuwa yupo tu, anafagia uwanja, anajua nipo. Sikuwahi kuwaza kwamba fulana ingetangulia kumfikia.

Mama wa chapati akapiga simu kwa aliyenijua, akapewa namba, akapiga tena. Akapokea baba mdogo.

"Baba mdogo, ni mimi. Niko hai."

"Mna laana nyie. Mmemaliza kutapeli wazima, sasa mnatapeli wafiwa?"

"Sitaki hela."

"Subiri kidogo, utazitaka."

Nikasikia vyombo, sauti za wanawake, kisha simu ikabadilisha mikono. Mama hakuuliza kitu cha kunipima. Alisikiliza tu ninavyohema.

"Umekula?" akasema.

"Bado, mama."

Nikasikia anakaa chini.

"Unakaa wapi?"

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimerudisha ufunguo wa stoo. Mbele yangu mama wa chapati alikuwa ameivuta fulana kwa mikono miwili, anayanyoosha maandishi, labda naye ajue siku zote hizo amevaa neno gani. Nikalisoma herufi kwa herufi.

"Troyeville," nikasema.

"Pazuri?"

"Pazuri."

"Leo ukiingia ndani unipigie. Nikikusikia uko ndani ya nyumba, ndipo nitawaambia watu waondoke."

Mama wa chapati akaniandikia namba ya nyumbani kiganjani, akanifungia chapati mbili, nikaenda kwa miguu.

Nilimkumbuka yule fundi Mkongo wa fulana kabla sijafika. Mwaka uliopita nilipita Troyeville, nikakaa kwenye ngazi nikimtazama akichora ukuta, nikamuuliza maswali mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa barabara. Aliacha ukuta, akanijibu yote huku akinitazama na kuchora kitu kwenye karatasi. Alisema kule Lubumbashi alikuwa anauza mitumba, na ndani ya marobota kutoka Amerika alikuta fulana za namna hii. Akauliza huku na huku mpaka akajua ni za nani: Wachikano, watoto wa Wameksiko waliozaliwa Amerika. Jina hilo walitukanwa nalo, wakaamua kulivaa wenyewe. Walichora kuta za mitaa yao, kisha wakazihamishia vifuani.

Nilifika nimekunja ngumi. Nyuso zangu zilining'inia kwenye kamba mlangoni, zinapepea.

"Ndugu yangu," akasema kwa furaha, "nimekutafuta sana nikupe ya kwako."

"Umeniua."

Nilipomaliza kumweleza, rangi ilikuwa imeanza kukauka kwenye fremu yake ya kuchapia.

"Eish," akasema. "Hata kwetu mutu akikufa tunavaa sura yake. Lakini wale wa kule wanavaa sura ya mutu mwenye yuko hai, na mtaa wake chini, ili kila mutu ajue huyu yuko, na ni wa hapa."

"Mimi si wa hapa. Nilikaa kwenye ngazi siku moja."

"Uliuliza nani alijenga ile nyumba, nani anaishi pale, kwa nini huu ukuta umepasuka. Waliozaliwa hapa hawajaniuliza hata kimoja. Nichore nani?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikatazama kiganja changu. Jasho lilikuwa linaanza kufuta namba.

"Una chumba?" nikauliza.

Nyuma ya meza ya kuchapia palikuwa na chumba chenye kitanda cha chuma na ndoo za rangi. Alisema nitakuwa namwoshea fremu, akanipa simu yake bila kuombwa. Nikaingia, nikapiga.

"Niko ndani, mama."

"Funga mlango, nisikie."

Ulikuwa umefungwa tayari. Nikaufungua, nikaubamiza. Kule Ngamiani nikamsikia akiwaambia watu waanze kukunja mikeka.